Mota Iliyopimwa kwa Bamama

Tulimzika Tantine Zaina, shangazi yetu, Ijumaa baada ya sala, na Jumapili viti vya kukodi vilikuwa bado vimejaa uwanjani kwake, huko Lubunga. Nilikaa upande wa wanawake, karibu na sufuria za pondu, majani ya muhogo, nikawa nawasikia wanaume wakizungumza ng'ambo ya turubai. Walianza na marehemu, wakahamia kwa mumewe, Papa Likaka, aliyemtangulia miaka mingi. Kijana mmoja mwenye sauti kubwa, ambaye wakati wa mambo haya hata kuzaliwa alikuwa bado, akasema: "Muzee ile alikuwa na akili, eh! Batu bote banatafuta mota ya kukimbia, yeye anachagua ya kupanda mukondo." Wenzake wakaitikia kwa heshima. Nikaweka sahani yangu chini. Mimi sina subira na sifa zinazopelekwa nyumba isiyo yake, hata kama mwenye nyumba hiyo nilimpenda, na Papa Likaka nilimpenda sana. Angekuwepo angecheka mpaka akohoe. Mota ile, injini ya mtumbwi wake, aliichagua Tantine Zaina. Nilikuwa pale mwaka mzima, nikala mezani kwake na kusikia maneno yote, yakiwemo yale ambayo hawakutaka niyasikie, na leo ninapofikiria ni nani aliyenifundisha kuishi, jina lake ndilo linalokuja kwanza. Kwa hiyo naandika.

Habari za ukoo wetu nitaziacha. Zimejadiliwa vya kutosha kwenye kila harusi na kila msiba, na bado hatujakubaliana. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilitumwa Kisangani kumaliza shule ya ualimu, na Tantine akasema sitakaa kwa mtu mwingine yeyote. Kila asubuhi nilivuka mto kwa mtumbwi wa abiria kwenda ng'ambo ya mjini, na kila jioni nikarudi Lubunga nikiwa na njaa ya kutisha. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili vya kulala na sebule, na nyuma kulikuwa na jiko la nje lenye uchaga wa kukaushia samaki. Sebuleni palikuwa na kabati la vioo lililofunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono, na juu yake vililala pamoja, bila ugomvi wowote, tasbihi ya Tantine na kitabu cha nyimbo cha Papa. Yeye alikuwa Mwislamu wa Kabondo, wa zile familia za biashara za zamani. Mumewe alikuwa Mkristo wa Yanonge, mtu wa mto kwa baba na mama. Tulikula lituma, ndizi na muhogo vilivyotwangwa pamoja mpaka vikawa laini, na mchuzi wa samaki wenye pilipili ya kutoa machozi. Tantine alisema bismillahi, Papa akafumba macho na kusali ya kwake, mimi nikaitikia amina mbili, kisha mikono yote ikaingia sahani moja. Sijawahi tena kula chakula kizuri kama kile, na nimekula hotelini.

Lakini meza ile ilikuwa na huzuni yake, nayo ilikaa kwenye bega la kulia la Papa. Kabla sijafika, alikuwa akiukwepesha mtumbwi uliojaa kutoka kwenye mawe chini ya Yanonge, bega likatoka mahali pake. Fundi wa mifupa alilirudisha, nguvu haikurudi. Na mtu asiyejua mto wetu hataelewa ubaya wa jambo hilo mpaka nimweleze kitu kimoja. Mahali pengi mvuvi hupanda juu na mtumbwi mtupu, akavua, kisha maji yenyewe yakamrudisha nyumbani na mzigo wake. Kisangani ni kinyume. Juu yetu kuna maporomoko, hakuna pa kwenda. Samaki wote wako chini, kuelekea Isangi na Basoko. Unashuka mtupu, ukicheka, na unapanda umejaa, ukilia. Papa alilazimika kukodi vijana wa kupiga makasia, nao walichukua sehemu kubwa ya samaki, na polepole yao ikaozesha waliobaki. Mambo yakafika mahali ambapo rafiki yake wa kanisani alimtafutia kazi ya usentineli, yaani ulinzi wa mlangoni, kwenye depo moja mjini. Papa hakuikataa. Alisema atatoa jibu baada ya masika.

Siku aliyosema hivyo nilikuwa jikoni nachagua mchele. Nikamsikia Tantine akijibu, bila kupandisha sauti: "Likaka, weye unajua kukaa kwa kiti kutwa nzima? Utakufa na kiti. Miye sikuolewa na sentinelle." Papa akacheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mtu, akasema: "Bon, tutafanya nini? Mukono ndiyo ule." Tantine alitoka nje, akaanza kugeuza samaki uchagani, na nikaona anageuza wale wale aliokwisha kuwageuza.

Tantine alikuwa kwenye likelemba, kile chama cha wanawake ambamo kila mmoja huchanga na zamu ikifika wote humnyanyua mmoja. Ile ya kwao ilikuwa na desturi yake. Hawakumpa mtu fedha mkononi, kwa sababu walijua waume zao. Walinunua chenyewe kile kitu alichokitaka, wakakileta kwake kwa pamoja, na kabla ya kukinunua walikuja kukiona kikifanya kazi. Kama ni cherehani, ilishonwa mbele yao. Kama ni friji, walingoja barafu. Na kikishanunuliwa hakirudi, zamu yako imekwisha mpaka mzunguko uanze upya. Kiongozi wao alikuwa Mama Bernadette, muuza mawese, mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, ambaye alipokaa kwenye kochi letu hakuna mtu mwingine aliyejaribu kukaa hapo. Tantine alipotangaza kwamba zamu yake anataka mota ya mtumbwi, wenzake waliguna. Mama Bernadette peke yake ndiye aliyepiga makofi. "Bon," akasema, "sasa tunaingia mu mambo ya banaume. Lakini tutaiona inafanya kazi, Zaina. Sheria ni sheria."

Basi mota zikaja mbili, na zote mbili zikalala sebuleni. Tonton Juma, mdogo wake Tantine, fundi wa pikipiki kule Kabondo, ndiye aliyezitafuta. Alichonga kigogo cha kuzitundikia kati ya kabati na meza, na kwa wiki kadhaa tulikula tukizitazama. Ya kwanza ilikuwa ya nguvu za farasi ishirini na tano, nyeupe, yenye kofia inayong'aa, iliyotolewa kwenye mtumbwi wa mbio wa mfanyabiashara aliyehama. Ya pili ilikuwa ya farasi kumi na tano, ya kijivu, imekwaruzika ubavuni, na kamba yake ya kuwashia ilikuwa na fundo. Majirani walioingia kusalimia walikwenda moja kwa moja kwa ile nyeupe na kuipapasa. Ile ya kijivu walitundika juu yake kofia zao. Tonton Juma alikuwa mtu wa furaha, anayependa kila kitu kinachotoa mlio, akaniita kwa jina na kuniambia siri yake hata kabla sijauliza: "Mwamini, ile nyeupe ni mota. Ile ingine ni ya kusaga muhogo."

Nilimwona Papa Likaka akiingia sebuleni asubuhi mapema, akidhani nimelala, akaishika ile nyeupe mpini kwa mkono wa kushoto, akauzungusha pole pole, macho yake yakiwa dirishani. Sijui alikuwa anaona kituo gani cha mto. Nilijifunika shuka mpaka kichwani ili asijue nimemwona.

Majaribio ya kwanza yalifanywa ufukweni pale pale Lubunga, maji yakiwa bado mengi. Tonton Juma akaifunga ile nyeupe nyuma ya mtumbwi, Papa akashika mpini, wakaondoka. Lo! Pua ya mtumbwi ilinyanyuka, maji yakapasuka pande mbili, na watoto ufukweni wakapiga yowe. Walikwenda karibu na ng'ambo, wakageuka, wakarudi, wakapita mbele yetu tena na tena. Papa Likaka, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amefungua kinywa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu nifike. Nilimgeukia Tantine nikitegemea naye anacheka, na kweli alikuwa anatabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu aliyebeba kitu kizito na hataki usaidizi. Leo, nikiwa na umri wake wa wakati ule na zaidi, naelewa alichokuwa amebeba. Alikuwa amemwona mumewe amefurahi, naye ndiye atakayemnyang'anya furaha hiyo.

Alingoja mpaka tumekula. Ilikuwa liboke, samaki wa majanini, na Papa alikuwa anasimulia kila kona aliyokata. Tantine akamwachia amalize, akamwekea kipande cha tumbo, ambacho ndicho alichokipenda, kisha akauliza: "Na samaki walikuwa wapi?" Papa akasema: "Samaki gani?" "Ya mu mutumbwi. Leo ilikuwa mutupu. Wewe na Juma, batu mbili bakonda. Ukitoka Isangi utakuja na nyavu, na barafu, na samaki. Mota inajua ile?" Tonton Juma akasema mota haina haja ya kujua, ina nguvu. Tantine akasema basi kesho waujaze mtumbwi mchanga, au mawe, wajaribu tena. Papa akaondoa mkono sahanini. Kwa akina Papa Likaka mtumbwi wa nyavu haubebi mchanga wala mawe, kamwe. Mchanga ni wa makaburi, na mawe ni nanga ya mtu asiyerudi. Ukivipakia, umeuzika mtumbwi na bahati yake. Ndiyo sababu wao wote hujaribu mitumbwi na mota zao zikiwa tupu, na kila mwaka kuna mtu anayekwama kwenye mkondo na mota nzuri mgongoni. "Zaina," Papa akasema, "mambo yote utafanya mu nyumba hii. Ile, hapana." Tantine alimheshimu. Hakurudia tena neno mchanga.

Asubuhi yake niliwasikia kupitia ukuta. Ule ukuta haukuweza kuficha hata kupiga chafya. Papa alikuwa anasema kwa uchungu: "Unataka kunipatia mota ya muzee. Batu bataniona nakokota kama konokono, batasema, mwangalieni Likaka, mukono ilikufa na mota yake pia inakufa." Nikasikia Tantine anafunga kitambaa chake cha kichwa, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuguna anapokaza fundo. Kisha akasema: "Nakupenda ukikimbia. Niliona jana, moyo yangu ilicheka. Lakini kukimbia ni kwa kushuka, Likaka, na kushuka hata kipande ya muti inashuka. Miye nataka ile itakurudisha kwangu." Nilichelewa shule siku hiyo. Nilikaa kitandani nikiwaza kama kuna mtu atakayewahi kuniambia maneno ya namna hiyo, na kama nitakuwa na akili ya kuyasikia.

Aliyefungua njia ni Mama Bernadette. Tantine alimweleza tatizo Jumamosi, bamama wote wa likelemba wakiwa barazani wanakunywa chai na mikate ya sokoni. Mchanga hapana, mawe hapana, na samaki wa kujaza mtumbwi hatuna. Mama Bernadette akatafuna, akameza, akajitazama kifuani, tumboni, mapajani, kisha akawatazama wenzake mmoja baada ya mwingine, wauza mawese, wauza unga, wauza samaki wa kukaushwa. "Zaina," akasema, "na siye? Siye ni mawe?" Baraza likalipuka kwa kicheko. Mmoja akasema mumewe hatakubali, mwingine akasema wa kwake atalipa nauli. Lakini Mama Bernadette hakuwa anatania. Sheria ilisema wakione kitu kikifanya kazi, na hakuna mahali pa kukiona vizuri kuliko ndani yake. Papa alipoulizwa alishindwa pa kukatalia. Mtumbwi wa nyavu kubeba binadamu ni halali.

Walikuja wamevaa vitenge vyao vya chama, vyote vya rangi moja, na mafuta usoni, kana kwamba wanakwenda kupigwa picha. Walipangwa katikati ya mtumbwi wawili wawili, Mama Bernadette peke yake kwenye safu yake. Mimi nilikaa mbele kabisa. Tonton Juma nyuma, Papa kwenye mpini, ile nyeupe nyuma yake. Tantine alibaki ufukweni, kwa sababu hakujua kuogelea na alikuwa anaogopa maji kuliko nyoka. Kushuka ilikuwa sherehe, bamama wakiimba na kuwapungia watu wa toleka, wale wa baiskeli za abiria, barabarani. Tulifika kwenye kona ya chini, pale ambapo mto unabanwa na mkondo unakaza, Papa akageuza. Mota ikanguruma, halafu ikaanza kukoroma. Nyuma ya mtumbwi, kwa uzito wa mota yenyewe na Juma na Papa, ilizama mpaka maji yakaanza kuingia kwa ulimi mwembamba. Papa akafungua mpini mpaka mwisho. Moshi ukaja, kelele ikaja, mtumbwi haukuja. Ukingoni palikuwa na mchikichi mmoja ulioinama, na tulipougeukia mara ya tatu ulikuwa bado pale pale. Mama Bernadette ndiye aliyesema: "Papa Likaka, ule muchikichi tulisha kuuona. Tuonyeshe ingine." Wengine wakaanza kucheka, kisha mmoja akaona maji miguuni pake na kicheko kikageuka kilio. Juma akawa anachota maji kwa beseni huku anaomba radhi kwa kila mama jina kwa jina. Mwishowe Papa akazima mota iliyochemka, tukasukumwa na maji mpaka matopeni, bamama wakashika makasia na sahani za bati, wakapiga mpaka tukagusa nchi. Tulirudi Lubunga kwa miguu, vitenge vimelowa, na Mama Bernadette akiongoza wimbo.

Tantine hakucheka. Hakusema, "Si niliwaambia?" Alikuwa amepika maharagwe na wali kwa watu wote, akamnawisha Papa mikono mbele ya wageni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akamkalisha mahali pa mwenye nyumba. Nimekutana na watu wengi wenye haki katika maisha yangu, wakuu wa shule, mapadri, hata mume wangu siku moja moja. Wachache sana wanaojua la kufanya na haki yao wakishaipata. Tantine aliifunika kama anavyofunika sufuria, akaendelea kugawa wali.

Kwa siku kadhaa Papa hakuisogelea ile ya kijivu. Tonton Juma ndiye aliyerudi akiwa na kitu ndani ya gunia, uso umejaa furaha mpya, maana Juma alikuwa hawezi kununa hata ukimlipa. Alikuwa ameenda kuwauliza wenye mitumbwi mikubwa ya mizigo. "Bofrere," akamwambia Papa, shemeji yake, "tulikosea vitu viwili. Mota ni moja. Ingine ni hélice." Akatoa helisi, yaani ile feni ya chini ya maji inayosukuma mtumbwi, akaiweka mezani kati ya sahani. Akatuonyesha ile ya mota nyeupe, mapanga yake yamesimama kwa ukali ili yaume maji mengi kwa kila mzunguko. Hiyo ni ya mbio, ukiitia mzigo inakosa pumzi. Hii nyingine mapanga yake yalikuwa mapana na yamelala, inauma maji kidogo kidogo, lakini haiachi. "Kama kutafuna nyama ya muzee," Juma akasema, "kidogo kidogo, unamaliza." Papa akaichukua. Akaizungusha kwa kidole. Akauliza mguu wa mota ya kijivu, ile shingo inayoshuka majini, ni mrefu kiasi gani, kwa sababu kiangazi mchanga wa mto uko karibu na mguu mrefu utavunjika. Juma akasema mfupi, kidogo mfupi mno kwa nyuma ya mtumbwi wetu. Papa akainuka, akatoka nje. Baadaye tukasikia shoka. Alikuwa anachonga upya ubao wa kufungia mota, anaushusha, mkono wa kushoto ukipiga na wa kulia ukishikilia tu. Tantine aliposikia mlio ule alifumba macho palepale mezani. Nilidhani anasali, na huenda kweli alikuwa anasali.

Jaribio la pili halikuwa na sherehe. Bamama walikuja, lakini kwa nguo za kazi, na wawili walisema wana homa. Mtumbwi ukapungukiwa na uzito wa kutosha. Hapo Tantine Zaina akavua viatu, akashika kitenge chake mkononi, akaingia. Alikaa katikati, akafumba macho, akashika kingo zote mbili, na midomo yake ikawa inatembea bila kukoma. Papa alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kuvuta kamba ya kuwasha. Tulishuka. Kwenye kona akageuza, mota ikabadilisha sauti, ikawa nzito na sawasawa. Nyuma haikuzama. Mchikichi ulioinama ulikaa ubavuni mwetu, ukakaa, halafu ukaanza kurudi nyuma, kwa upole mno hivi kwamba mwanzoni hakuna aliyethubutu kusema. Mtu anayetembea ukingoni angetupita. Lakini ulirudi nyuma, na baada yake nyumba, na baada yake kichaka, na kona ikaisha. Mama Bernadette akasema kwa sauti ya kanisani: "Inapanda." Tantine hakufungua macho. Akauliza: "Ni kweli?" Papa akamjibu kutoka nyuma: "Ni kweli, mama. Inapanda." Likelemba ikaipokea ile ya kijivu siku hiyo hiyo, na Mama Bernadette akaimwagia tone la mawese kwenye kofia yake iliyokwaruzika.

Vifaa vingine vilichaguliwa kwa namna hiyo hiyo, nami nikiwa nimeshajua sasa nini cha kutazama. Tonton Juma alileta friji lililokufa, tukalilaza chali liwe sanduku la barafu, na Tantine akalijaza na kulifungua kila jioni kwa mkono wake mpaka aliporidhika kwamba barafu haiondoki mapema. Nyavu mpya hakuzitaka. Alimwachia Papa achague nyuzi na ndoana kwa ajili ya kapiteni, samaki yule mkubwa ambaye watu wa maziwa humwita sangara, kwa sababu huko, alisema, yeye hajui lolote na hatajifanya anajua. Mengi niliyochagua baadaye maishani, kazi, nyumba, hata mwanamume, nilijaribu kuyatazama alivyotazama yeye, yakiwa na mzigo ndani. Sikufaulu kila mara. Mara nyingine nami nilidanganywa na kofia nyeupe.

Kiangazi kilipoingia, Papa alishuka kwenda mbali, kuelekea Basoko, pamoja na mpwa wake Aimé wa kumvutia nyuzi. Yule wa kanisani alikuwa bado anangoja jibu kuhusu kazi ya depo. Papa alisema angerudi kabla ya soko kubwa. Soko likaja, likapita. Magugu ya maji, yale tunayoyaita Congo ya sika, yalikuwa yanashuka kwa visiwa vizima, na kila mtu alijua yanavyojisokota kwenye helisi. Tantine alipika chakula cha watu watatu, akafunika cha tatu. Alikwenda ufukweni akijifanya anafua, na nguo zetu hazikuwahi kuwa safi vile. Nami nikawa nafua naye.

Tulikuwa hapo mchana tuliposikia mlio mzito, sawasawa, kutoka kwenye kona ya chini. Ulichukua muda mrefu kabla mtumbwi haujaonekana. Ulikuwa umezama mpaka karibu na kingo zake, friji limefunikwa majani, kapiteni wengine wamelazwa nje ya friji kwa kukosa nafasi, Aimé amekaa juu ya nyuzi, na nyuma kabisa Papa Likaka, wima, mkono wa kushoto kwenye mpini. Watu wakaanza kumwita kwa jina. Akaja sambamba na ufukwe wetu. Akapita. Hakugeuza hata shingo. Akaendelea kupanda, mbele ya Lubunga yote, mbele ya waliokuwa ng'ambo, mpaka karibu na pale maporomoko yanapoanza na hakuna mota inayoweza kwenda zaidi. Pole pole, na mzigo wote, ili kila mwenye macho amwone. Ndipo akageuza, akazima mota, akachukua kasia kwa mkono mmoja na kushuka kwetu kimya kimya.

Tantine alikuwa ameshaingia majini. Yeye, aliyeogopa maji kuliko nyoka, alikuwa ndani mpaka kiunoni, kitenge kinaelea, anamtukana mumewe mbele ya watu wote kwa kupoteza petroli: "Unachoma essence! Unachoma essence bure, muzee mupumbafu, na miye nakufa hapa!" Akaikamata pua ya mtumbwi kwa mikono miwili, akaweka paji la uso juu yake, akalia kwa sauti. Hakuna aliyesogea. Papa alisimama juu yake na kasia mkononi, uso umeungua kwa jua, ndevu hazijanyolewa. Tangu nifike, kwa ajili ya bega lile, nilikuwa nimemsikia mtu huyu akiomba kila kitu katika nyumba yake mwenyewe, hata maji ya kunywa, kwa adabu ya mgeni. Sasa akainama, akamwondoa mkewe mikono kwenye mtumbwi, kidole kimoja kimoja.

"Zaina, toka mu maji," akasema. "Leta bakarai. Samaki yangu iko naoza."

Na Tantine Zaina, ambaye sijawahi kumwona akitii amri ya mtu, akafuta uso kwa kitenge kilicholowa, akakimbia.